Walivyokula Watu wa Mnyororo

Hapana, hakuna aliyekimbia. Hata mmoja. Nimekuona wewe wa mwisho pale, mdomo umeshaanza kujikunja uniulize, basi nimekuwahi. Walikuwa wanaume kumi, wakifunguliwa shingo kila siku jua likisimama utosini, na pori liko pale pale, hatua ishirini, halina ukuta wala mlango. Hakukimbia mtu. Walikuwa wanakula, mwanangu. Mtu yuko katikati ya chakula akimbie aende wapi?

Haya, kaeni. Kofia zenu wekeni magotini, hapa hakuna wa kumpigia saluti isipokuwa jogoo yule, naye ana dharau. Mjukuu wangu huyu ndiye aliyewaleta. Kanijia asubuhi na ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani: "Bibi, hawa wenzangu tumemaliza mafunzo ya magereza pamoja, keshokutwa tunaanza kazi, nao wangependa kusikia habari za wafungwa wa zamani za Mdachi." Wangependa. Kijana ana buti jipya, halafu anapenda kusikiliza kikongwe. Mmefuata togwa, nawajua. Iko ndani, inapoa.

Ni kweli nilifanya kazi na wafungwa. Sikuwa na buti. Nilikuwa na mwiko.

Siku hizi nikijilaza mchana, joto likishabana, nasikia ule mnyororo. Hauji kwa kishindo. Unakuja polepole, kama kengele za ng'ombe wa mtu mwingine wanaoteremka kunywa maji, mbali huko. Halafu naona vumbi jekundu limesimama hewani, halipandi, halishuki, na ndani ya vumbi miguu, miguu ishirini inakwenda hatua moja kama jongoo. Siwaoni nyuso. Nasema ngoja, ngoja, bado ugali haujaiva. Naamka mkono umeshika hewa, nakoroga. Huyu mjukuu wangu ananicheka. Na wewe utakuja kukoroga hewa siku yako, subiri tu.

Kambi yetu ilikuwa jirani na Gulwe, pale reli inapopita kando ya mto. Mto ule mnaujua tabia yake. Mwaka karibu wote ni mchanga, watoto wanauchezea, halafu siku moja maji yanakuja kutoka huko juu yakiwa yamekasirishwa na mtu mwingine kabisa, yanabeba tuta la reli na kuondoka nalo. Treni yenyewe ilikuwa bado ngeni. Wazee walikuwa wanaisikia inalia wanauliza inadai nini. Sasa tuta likibomoka, bwana mkubwa wa boma analeta watu wa mnyororo walijenge. Wanabeba mawe na udongo tangu alfajiri, na mtu wa kuwapikia ni lazima awepo. Huyo mtu alikuwa shangazi yangu Mchiwa. Mimi nilikwenda kumsaidia kusaga, msichana tu, matiti ndiyo kwanza yanajitokeza, nikidhani nakwenda wiki moja. Nikakaa mpaka nikatolewa.

Shangazi Mchiwa alikuwa mwembamba kama mchi na sauti yake ilitokea puani. Hakuniambia jambo mara mbili. Siku ya kwanza kaniweka mbele ya sufuria la chuma, kubwa kiasi cha kuoga mtoto ndani, akasema hivi, sikilizeni pua: "Wewe. Ugali wa watu wengi haupikwi kwa mikono. Unapikwa kwa mgongo." Akaondoka. Ndiyo yalikuwa mafunzo. Nyie mmekaa darasani muda gani? Haya.

Lakini ni kweli. Uwele ni mkorofi. Ukitia unga wote pamoja unakupa mabonge yenye unga mkavu katikati, na mtu aliyebeba mawe tangu alfajiri akikutana na bonge la namna hiyo anakulaani mpaka bibi yako. Unatia uji kwanza, unauacha uchemke mpaka uanze kutukana wenyewe, pu, pu, pu, ndipo unashusha unga kidogo kidogo huku unasukuma na mgongo. Mlenda unatia magadi, lakini usizidishe, ukizidisha unakuwa mchungu nao watasema umetiwa dawa. Na chumvi. Mfungwa akikosa nyama atanyamaza, akikosa chumvi hasahau. Andikeni hilo, nyie wenye kalamu.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa huruma. Walileta watu wanne wapya kutoka huko Magharibi, wametembezwa kwa miguu siku nyingi bila chakula cha maana. Macho yamekuwa makubwa, mashavu hakuna. Mimi nikawahurumia, nikawapakulia ugali mgumu mlima mzima, na mlenda, na maziwa ya mgando niliyomwomba mchungaji mmoja. Wakala. Mmoja wao jioni tumbo likapanda kama ngoma, akawa anagaragara, na kwa kuwa amefungwa na wenzake, wote wakawa wanagaragara naye. Shangazi akanitazama. Akamnywesha maji ya moto kidogo kidogo, akamkanda tumbo mpaka akatapika. Halafu akanigeukia na pua yake: "Umetaka kumwua kwa upendo. Kiboko cha askari angalau kinasema mapema."

Tangu hapo, mtu akija na njaa ya siku nyingi, siku ya kwanza ni uji mwepesi, unapita kidole. Siku ya pili uji mzito. Siku ya tatu ugali laini, kiasi cha kiganja. Atakutukana, atalia, atakuita mchoyo. Wewe shikilia mwiko. Mjukuu wangu kanisomea kitabu chenu kile cha taratibu, kinasema mfungwa apewe chakula cha kumtosha, mgonjwa aonwe na daktari, asifungwe mnyororo kwa kuadhibiwa. Nikasema vizuri sana, kumbe walipita kwa Mchiwa kumwuliza. Ila hakisemi uji kwanza. Hilo mtalitia wenyewe.

Sasa niwaambie mnyororo, maana nyie mnaujua kwa jina. Ni mnyororo mmoja mrefu, na kila hatua moja na nusu una pete ya chuma, na pete inakaa shingoni mwa mtu, ina komeo. Wetu ulikuwa na pete kumi na moja na watu kumi. Pete ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyemaliza kifungo chake, ikawa inaburuzwa tu nyuma kama mkia. Sasa mkiwa kumi shingoni mwa chuma kimoja, hakuna jambo la mtu mmoja. Mmoja akitaka kwenda porini haja, mnakwenda kumi. Mnasimama mnaangalia mawingu. Mmoja akipiga chafya, wa jirani naye anainama. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa anaota ndoto za kuchunga, anainuka usingizini anafukuza ng'ombe, basi kijiji kizima kinaamka kufukuza ng'ombe ambao hawapo.

Mnacheka. Hata wao walicheka, baadaye. Lakini chuma kile kinakula. Kikiloa jasho na mavumbi kinakwangua, ngozi inatoka, nzi wanakuja. Nilikuwa naomba matambara ya zamani kwa wake wa askari, nayaloweka kwenye samli, nazungushia chuma, si shingo. Mtu ukimfunga shingo anatokota humo ndani. Chuma ndicho cha kuvika nguo. Na asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, nilikuwa namtazama shingo. Mpaka leo mtu akija hapa naanza na shingo. Wewe wa katikati hukunawa vizuri.

Mbele ya mnyororo alikuwa mzee Chilongani, Mgogo wa Bahi, masikio yametobolewa yanafika mabegani, mtu wa maneno machache na kila neno lina mkia. Alifungwa kwa kuwakataza watu wake wasiende kubeba mizigo wakati wa kulima. Katikati, wa tano, alikuwa kijana anaitwa Ndahani. Huyu kosa lake lilikuwa la mapenzi. Alikata waya wa simu, ule unaopita juu ya miti, akamtengenezea mchumba wake bangili. Alipoulizwa bomani kwa nini, akasema waya ulikuwa umekaa tu, hakuna aliyeuvaa. Miezi minane ya mnyororo.

Msitabasamu. Sikuolewa naye. Alikuwa na mchumba, nimeshawaambia, tena mwenye bangili nyingi kuliko mke yeyote wa jumbe.

Huyu Ndahani ndiye alianza kukonda. Wenzake walikonda kama watu wa mnyororo wanavyokonda, yeye alikuwa anayeyuka. Mbavu zikahesabika, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Mimi nikasema ana minyoo, Shangazi akasema ana mapenzi. Tukamtia dawa ya minyoo. Akaendelea kuyeyuka. Alikuwa amebakiza miezi mitatu, na mimi kila asubuhi namtazama namwona hafiki. Unajua mtu anapoanza kuwa kama moshi, unamwona na unaona mti ulio nyuma yake? Ndivyo alivyokuwa. Nikawa nalala naye mawazoni, naamka naye. Nikajiapia, huyu hatanifia mikononi mwa chakula changu.

Siku moja nikaacha kupika mapema, nikakaa pembeni nikawatazama wanavyokula. Kitu chepesi kama hicho, sikuwahi kukifanya. Mpishi anatazama sufuria, hatazami mdomo.

Chakula nilikuwa nakiweka kwenye chano kimoja, lile sinia pana la mti, kama nyumbani. Wanaume wanakizunguka nusu duara na mnyororo wao. Sasa angalieni mikono yangu. Huyu akiinama kumega tonge, mnyororo unakaza, wa jirani anavutwa shingo kwa nyuma. Huyo akitaka kuinama naye, ni lazima avute kwa nguvu zaidi. Basi wenye nguvu wanavuta, wanameza, wanavuta. Ndahani alikuwa na kidonda nyuma ya shingo. Kila akivutwa, uso wake unajikunja, mkono unarudi. Anavutwa kushoto, anavutwa kulia. Baada ya muda anaacha. Anakaa amenyoosha shingo kama twiga, anatazama mbali, anangoja wenzake washibe. Nao hawakuwa wabaya. Hawakuona. Kila mtu alikuwa anapigana na chuma chake.

Nikajiona mwerevu. Nikakusanya vibuyu, nikavikata, kesho yake kila mtu nikampa chakula chake peke yake kwenye kibuyu chake, mbele ya miguu yake. Nikasimama nisifiwe.

Hakuna aliyegusa. Mzee Chilongani akakitazama kibuyu kile kama kimezaliwa na pembe. Akakisukuma kwa kidole cha mguu. Wenzake wote wakasukuma. Jioni hivyo hivyo. Ndahani mwenyewe, mfupa ule, akasukuma. Mimi nalia jikoni, sielewi. Mimi ni Mgogo, nimezaliwa kwenye tembe, na nilikuwa nimesahau jambo analolijua mtoto: mtu mzima hapewi chakula chake akajifiche nacho. Anayekula peke yake watu wako karibu ni mchawi, au ni mtu ambaye nyumba imeshamkata. Kufungwa shingo walikuwa wamevumilia. Mimi nilikuwa nimewafanya wachawi kumi.

Ombasha Farajala alipoona chakula kimekataliwa mara mbili, akasema haya ni maasi. Ombasha ni askari mwenye cheo kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa mshika funguo. Ametoka mbali huko kwa Wanubi, mweusi wa kung'aa, mnene, masharubu yake anayapaka mafuta. Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa magongo: "Wewe binti. Mfungwa hapana kula, bwana mkubwa sikia, mimi mgongo yangu. Kesho kila moja kiboko ishirini na tano. Basi." Ishirini na tano ndiyo ilikuwa dawa ya Mdachi kwa kila ugonjwa. Nikamtazama Ndahani. Ishirini na tano kwa mgongo ule ni kuchana jani.

Nikamwambia Ombasha kosa ni langu, si maasi, nitarudisha chano. Akanipa jioni ile moja. Nikarudisha chano, wakala, kiboko kikalala. Na Ndahani akarudi kukaa kama twiga.

Sasa nitokee wapi? Shangazi akasema acha, mnyororo si wa jikoni. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Ukishaona jambo huwezi kulifunika na kifuniko cha sufuria. Kesho yake mchana nikamfuata Ombasha amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe anakula mguu wa kuku, nikamwomba awafungue wakati wa kula tu. Akacheka mpaka masharubu yakapoteza mstari. Akasema hao ni wavivu, hao hawajui kula, kama ni yeye angekula na minyororo miwili. Mimi nilikuwa msichana na sikuwa na adabu nyingi, mnavyoniona hivi nilianza zamani. Nikamwambia, kwa sauti ya Shangazi ile ya puani: "Pete ya mwisho haina mtu, Ombasha. Ugali uko tayari."

Wote wakasikia. Askari wawili walio chini yake wakasikia. Mwanaume mwenye masharubu yale angefanyaje? Akajivika pete ya kumi na moja mwenyewe. Akakaa. Nikaleta chano.

Naiona siku ile kama naitazama ndani ya maji. Vumbi limetulia. Treni haipo, upepo haupo, hata nzi nadhani walisogea kuona. Ombasha akanyoosha mkono, akamega tonge zuri, akainama, na huko mbele mzee Chilongani, bila kumtazama mtu, akanyooka mgongo kidogo tu, kama mzee anayejinyoosha. Ule mnyororo ukapokezana, mmoja kwa mmoja kwa mmoja, ukafika mwisho. Ombasha akavutwa, tonge likaingia kwenye sharubu. Akajaribu tena. Mzee akapiga chafya. Akajaribu mara ya tatu kwa nguvu, na wote kumi wakaona ni wakati mzuri wa kuegemea upande wa pili. Tonge likaingia sikioni.

Halafu Ndahani akacheka. Sauti nyembamba, imejaa kutu, kama mlango ambao haujafunguliwa tangu mwaka jana. Wenzake wakafuata. Nami nikasema moyoni, leo tunakufa wote.

Ombasha hakucheka. Alikaa pale na pete shingoni, mlenda ukimchuruzika, kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Akakishika kile chuma kwa vidole, akakizungusha. Akamtazama mzee Chilongani, mzee akamtazama. Akafungua komeo lake, akasimama, akajifuta. Akasema: "Kesho mchana mimi fungua. Moja akikimbia, kiboko yake kwangu. Nyinyi jua." Mzee Chilongani akajibu kwa niaba ya wote kwamba wamesikia, na kwamba mwenye kutaka kukimbia asubiri alfajiri atoke na mnyororo wake, si wakati wa chakula, maana hiyo ni aibu.

Ndivyo ilivyoanza. Jua likisimama utosini, ufunguo unalia mara kumi, watu wanazunguka chano duara kamili, magoti yanagusana. Wanakula, wanazungumza ng'ombe. Ombasha anakaa pembeni na bunduki mapajani, siku mbili tatu za kwanza macho yamemtoka kama chura, wiki ya pili anasinzia, wiki ya tatu anakoroma, na mtu mmoja anamfukuzia nzi. Msije mkasinzia nyie, nawaambia alivyofanya yeye, siwaambii mfanye. Wakimaliza kula wanarudi wenyewe kwenye pete zao, mmoja mmoja, kama mbuzi waingiao zizini, wanamwamsha Ombasha afunge.

Ndahani alirudi. Kwanza shavu, halafu bega. Kidonda kikakauka. Tuta nalo likaenda mbio, maana mtu aliyekula anabeba jiwe na hasira yake yote. Hakuzikwa mtu muda wote ule, na kambi nyingine kando ya reli walikuwa wanazika. Ndiyo maana nawaambia, kitu cha kwanza katika kazi yenu, kabla ya funguo na kabla ya kitabu: kaeni muwatazame wanakula. Si siku ya mgeni. Siku ya kawaida. Na majina yao myajue. Ukimwita mtu wa tano utampikia mtu wa tano. Ukimwita Ndahani utajua amekonda.

Bwana mkubwa wa boma alikuja bila kutangaza, juu ya toroli la reli linalosukumwa na watu wanne. Ilikuwa saa ile ile ya chakula. Ombasha alikuwa anakoroma. Nilimwona bwana anashuka, kofia nyeupe, mrefu, kavu, anatembea kwa kunyanyua magoti kama korongo kwenye tope. Akasimama juu ya tuta akatazama: mnyororo uko chini, peke yake, pete zote kumi na moja zimefunguka, na wafungwa wake wamekaa duara.

Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mtu wake. "Nani fungua?"

Ombasha akaruka akasimama, akasema ni yeye. Mimi nikasema mimi niliomba. Shangazi alikuwa ndani anajifanya hana masikio. Bwana hakupiga kelele. Akazunguka duara polepole, anahesabu kwa kidole. Kumi. Akahesabu tena. Akainama nyuma ya shingo ya Ndahani akatazama kovu. Akauliza wagonjwa wangapi, Ombasha akasema hakuna. Waliokufa? Hakuna. Waliokimbia? Hakuna, bwana. Akalitazama tuta refu, limenyooka. Akatoa kijitabu chake, akaandika kitu, mimi naiona kalamu inatembea. Akasema, kama anajisemea, kwamba bomani kuna minyororo mitatu, na huko wanakufa, na labda huko pia wafunguliwe wakila. Labda. Nililisikia kwa masikio haya.

Sasa hapa ngojeni. Nitawaambia mwisho kwanza, ili nikifika kwenye neno lenyewe nisiendelee.

Mnyororo ulifungwa mchana ule ule, na haukufunguliwa tena wakati wa kula, pale wala bomani. Ombasha Farajala alinyang'anywa cheo na kupelekwa mbali, na mimi niliambiwa nisionekane tena kambini. Nilitembea kurudi nyumbani siku mbili, na mwiko wangu. Ndahani alipigwa. Ishirini na tano, mbele yetu, na mzee Chilongani akawa anamhesabia kwa sauti asipunjwe wala asizidishiwe. Alivimaliza. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu mgongo ulikuwa na nyama. Mgongo wa miezi miwili kabla tungeuzika. Akamaliza kifungo chake, akaoa. Alikuja kunisalimia, kanenepa, sura nzito kama jumbe, nikamwuliza kwa nini ulisema vile, mpumbavu wewe. Akaniambia hakuwa amefikiria kitu. Alikuwa anakula, akaona mtu anakuja.

Maana ilikuwa hivi. Bwana alishafunga kijitabu. Alishatikisa kichwa, kile cha kukubali, nami nikavuta pumzi. Kisha akataka kuonja, kama wakaguzi wanavyoonja, aone tunawapa nini. Alikuwa ameshika breki ya toroli tangu stesheni, mkono mweusi kwa grisi na vumbi. Akainama katikati ya duara, akaupeleka mkono ule kwenye chano. Na Ndahani, mdomo umejaa, akasogea upande kumpisha akae, akasukuma kibuyu cha maji kwa mguu kikamfikia, akamtazama usoni kama unavyomtazama mtu yeyote aliyekukuta unakula, akasema:

"Bwana, nawa kwanza."